Mjumbe wa Susu

Kila jioni alipotoka shuleni, Syombua alitupa mkoba kitandani, akanywa uji uliopoa kwa mafunda matatu, kisha akasimama mlangoni kungoja kutumwa.

Boma lao huko Mbooni lilikuwa na nyumba mbili. Ya chini ilikuwa kando ya barabara, na humo aliishi Syombua na wazazi wake. Ya juu ilikuwa ya nyanya yake Kavata, aliyemwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya. Kati ya nyumba hizo kulikuwa na njia ya mteremko mkali ambayo wageni waliipanda wakishika magoti na kuuliza kama wamekaribia kufika. Syombua aliipanda mbio.

"Mwambie Susu mbaazi zimekauka," mama yake, Kalekye, angesema. Syombua angefyatuka. Huko juu Susu angesikiliza, angetoa jibu, na kabla hajamwachilia angempa tunda moja la tomoko lililoiva vizuri, kwa kuwa mjumbe, alisema Susu, harudishwi na tumbo tupu. Syombua hakuwahi kusahau ujumbe hata mmoja. Watu wa boma walimwita Mjumbe, naye alilipenda jina hilo kuliko alilobatizwa nalo.

Susu alipoteleza kwenye njia ile akavunjika mguu, daktari alimkataza kabisa kupanda na kushuka milima. Syombua alimhurumia sana. Lakini tuseme ukweli: alifurahi kidogo pia, kwa sababu ujumbe uliongezeka, na matomoko yaliongezeka.

Kisha mwezi wa Januari akaja Kitheka.

Kitheka alikuwa mtoto wa baba mkubwa wa Syombua, na alitoka Kanyangi, upande wa Kitui. Huko kwao mvua ilikuwa imekataa na shule ilikuwa mbali, basi akaletwa Mbooni asome Gredi ya Nane. Alikuwa amepewa jina la marehemu babu yao, na kwa desturi ya Wakamba, aliyechukua jina la mume ni mume. Susu alipomwona akipanda na sanduku begani, aliangua kicheko.

"Mume wangu amerudi! Ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Nilienda kutafuta ng'ombe wetu waliopotea, mke wangu," Kitheka alijibu bila kupepesa macho.

Watu wote walicheka isipokuwa Syombua. Dada yake mkubwa, aliyekuwa shule ya bweni, ndiye aliyepewa jina la Susu. Yeye Syombua alichukua jina la nyanya wa upande wa mama. Kwa hiyo kwa Susu hakuwa mume wala hakuwa somo. Alikuwa mjukuu tu, na hilo lilimuuma kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Muda si muda Kitheka alimnyang'anya hata kazi. Baba yake Syombua, Munyao, alikuwa fundi wa simu na redio sokoni. Siku moja alirudi na kompyuta mbili kuukuu zilizotupwa na ofisi fulani, akazitengeneza. Kitheka, ambaye alijifunza kompyuta katika shule yake ya zamani, aliomba pia ruta, kile kijisanduku chenye antena kinachorusha mawimbi ya Wi-Fi. Akaweka kompyuta moja nyumba ya chini na nyingine kwa Susu.

"Na bando tutanunua na nini?" Mama aliuliza.

"Hakuna bando, mama mdogo. Ujumbe hautoki nje ya boma. Unatoka kwa hii kompyuta, unapitia kwa ruta, unaingia kwa ile ya juu. Hata intaneti ya dunia nzima ikizimwa, sisi tutaongea tu." Akawaonyesha. "Hapa juu unaandika jina lako. Hapa chini unaandika maneno. Halafu unatuma."

Waliodhani Susu ataogopa mashine walisahau kwamba alipiga chapa barua za kanisa kwa miaka mingi. Vidole vyake vilizipata herufi bila kuzitafuta. Ujumbe wake wa kwanza uliingia nyumba ya chini kwa kishindo: MUME WANGU, CHUMVI INALETWA LINI?

Kitheka aliandika: "Sasa hivi, mke wangu."

Syombua alikuwa amesimama nyuma yake mlangoni, tayari kutumwa. Hakuna aliyemtuma.

Wivu ulimwingia, ukakaa. Sauti ndogo ya kompyuta ikilia "ting", yeye aliziba masikio. Kitheka akisifiwa, aliondoka chumbani. Mama alipomwambia ampelekee Susu chakula, alijibu kwamba ana kazi ya shule.

"Kila siku kazi ya shule?" Mama aliuliza.

"Si umtume mwenye mashine!"

Kwa hiyo chakula kilipelekwa na Mama au Kitheka, na Syombua akaacha kabisa kupanda kwa Susu. Alijiambia kwamba Susu hata hajagundua.

Jumapili moja akina mama wa kanisa walikuja kumwona mgonjwa, na Syombua akalazimishwa kupeleka chupa ya chai. Alimkuta Susu ameketi mbele ya kompyuta, amenyoosha mguu wake mbovu juu ya kigoda, wageni wamemzunguka.

"Hii ni kazi ya mume wangu," Susu alikuwa akisema. "Siku hizi nikikohoa hapa, huko chini wanasikia!" Wale mama wakapiga makofi. Susu akanyoosha mkono kwenye bakuli lake la matomoko, akachukua moja, akampa Kitheka aliyekuwa kando yake.

Syombua aliweka chupa mezani, akatoka. Nyuma yake alisikia Susu akimwita. Hakugeuka.

Kesho yake alipotoka shuleni hakukuta mtu nyumba ya chini. Kompyuta ilikuwa wazi. Aliketi. Mahali pa jina akaandika "Kitheka". Mahali pa maneno akaandika hivi: "Susu, wacha kunisumbua kila saa. Nimechoka na wewe. Sikuja hapa kuwa mtumishi wako."

Akatuma. Ilikuwa rahisi ajabu. Mashine haikumuuliza kama kweli yeye ni Kitheka.

Alichotaka ni Susu amkasirikie Kitheka kidogo, angalau kwa wiki moja. Hakujua kwamba saa ile baba yake alikuwa huko juu akitengeneza redio ya Susu. Munyao ndiye aliyekuwa wa kwanza kuusoma ujumbe ule. Susu aliomba naye auone, akavaa miwani, akausoma pole pole, akanyamaza. Munyao alidhani mama yake amenyamaza kwa uchungu. Akateremka mlima kwa hatua ndefu na kumkuta Kitheka akichota maji ya ng'ombe.

"Yule ni mama yangu!" alifoka. "Amelala na mguu uliovunjika, wewe unamwandikia matusi?"

"Matusi gani, baba mdogo?"

"Jina lako liko pale! Nimeliona kwa macho yangu!"

"Si mimi, baba mdogo. Haki ya Mungu, si mimi."

"Basi ni ng'ombe aliandika? Usiguse ile mashine tena. Jumamosi unarudi Kanyangi."

Kitheka aliweka ndoo chini, akaingia chumbani. Kupitia mlango uliokuwa nusu wazi, Syombua alimwona akikunja sare yake ya shule na kuiweka sandukuni, kisha akiitoa, kwa kuwa bado ilikuwa Jumatatu. Alikuwa akilia bila sauti. Kurudi Kanyangi katikati ya muhula kulikuwa kupoteza mwaka mzima, na kila mtu nyumbani alilijua hilo.

Syombua alitaka kusema. Aliogopa. Nimeshatuma, alijiambia, na maji yakimwagika hayazoleki.

Siku iliyofuata Baba alimwita. "Kuanzia leo, kompyuta ni kazi yako. Wewe ndiwe tunayeweza kukuamini."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyatamani tangu Januari. Aliketi mbele ya kioo cha kompyuta, na hakuona utamu wowote. Hakukaa sana. Mashine ililia "ting".

ALIYEANDIKA JANA SI MUME WANGU. NAMJUA ALIYEANDIKA. NAMNGOJA KABLA YA CHAKULA CHA JIONI. SUSU.

Syombua alisoma mara tatu. Angeweza kuufuta. Kidole kilisogea hata kikagusa kitufe cha kufuta. Kisha akalisikia sanduku la Kitheka likiburutwa chumba cha pili, akainuka na kutoka nje.

Siku hiyo aliipanda njia ile kama wageni, akishika magoti. Alipofika mlangoni hakuweza hata kubisha.

"Ingia, Mjumbe," Susu alisema kutoka ndani.

Syombua aliingia, akaanguka kando ya kiti chake, akalia. "Ni mimi, Susu. Niliandika jina lake. Nisamehe."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Tangu kijana yule aingie boma hili, umewahi kumsikia akiniita Susu?" Mzee huyo alitikisa kichwa. "Hata akiniomba kiberiti ataniambia 'mke wangu'. Hapa karibu, anayeniita Susu ni mmoja tu. Ulibadilisha jina lako, ukasahau kubadilisha langu. Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu."

Syombua aliinamisha kichwa zaidi.

"Sasa nieleze. Nilikukosea nini?"

"Unampenda yeye tu. Unampa matomoko yangu. Tangu mashine ije, hakuna anayenituma."

Susu alielekeza mkono dirishani. Kwenye ukingo wa dirisha palikuwa na sahani, na ndani yake matomoko mawili yaliyooza hata yakawa meusi, na la tatu lililoanza kulainika.

"Hayo ni ya nani, unafikiri? Kitheka hula yake hapa hapa. Hayo ni ya Mjumbe. Niliweka la kwanza, hukuja. Likaoza. Nikaweka la pili. Jumapili nilikuita nikupe la tatu, ukanipa mgongo. Mashine inaniletea maneno, Syombua. Haiketi hapa ikanisimulia habari za shule. Jana niliposoma 'nimechoka na wewe', nilijua ni maneno yako, nikaamini ni ya kweli. Nilidhani umenichoka kwa sababu ya mguu huu."

"La, Susu! La!"

"Basi futa machozi, nenda ukamwambie baba yako. Ujumbe huo mashine haitaupeleka. Utaupeleka wewe."

Syombua alishuka. Alisema yote mbele ya Baba, Mama na Kitheka, bila kupunguza neno. Baba alikasirika, na adhabu alipewa: atachota maji ya ng'ombe mpaka muhula uishe. Lakini kwanza Munyao alimgeukia Kitheka.

"Mwanangu, nilisoma jina nikasahau kumsikiliza mwenye jina. Nisamehe. Hutoki hapa."

Kitheka alimtazama Syombua. "Ulitaka nirudi Kanyangi?"

"Nilitaka nafasi yako."

"Ungeniambia tu. Ningekufundisha mashine, na wewe unifundishe kupanda mlima bila kuishiwa na pumzi."

Jioni hiyo walipanda wote wanne na chakula. Susu aligawa lile tomoko la tatu kati ya Syombua na Kitheka, akawatazama wakitema mbegu.

"Sikilizeni," alisema. "Mtu anaweza kuandika jina lolote kwenye mashine, basi uliza kabla ya kuhukumu. Hiyo ni ya Munyao. Na wewe, Syombua: wivu ulikuambia umenyang'anywa kiti chako, kumbe kiti kilikuwa hapa kitupu, kinakungoja. Ukiumia moyoni, sema. Usimtafutie mwenzako ubaya."

Tangu hapo Syombua na Kitheka hupokezana kompyuta, na kila mmoja huandika jina lake. Ila kuna ujumbe mmoja ambao Kitheka haujibu. Huingia jioni, kabla uji haujaisha kikombeni: MJUMBE YUKO WAPI? TOMOKO LIMEIVA.

Syombua naye haujibu. Huwa ameshafika katikati ya mlima.