Asante kwa Uji wa Tjønnbu

Mgeni wa kwanza kumshukuru mwenyeji alikuwa mwalimu mmoja kutoka Trondheim, na Sigvor Haugli aliposoma maneno yake alicheka peke yake ofisini.

"Asante, mama mwenyeji, kwa uji. Sijala uji wa namna hii tangu bibi yangu alipofariki."

Kibanda cha Tjønnbu hakina mwenyeji. Ni kibanda cha milimani kama vingine vyote vya chama cha wapanda milima: unafungua kwa ufunguo wako, unawasha jiko mwenyewe, unayeyusha theluji upate maji, unachukua mkebe wa nyama stoo, unafagia, unakwenda zako. Hakuna wa kukukaangia hata yai. Sigvor alidhani mwalimu alikuwa anafanya mzaha, maana watu wakikaa peke yao mlimani huwa na mizaha ya ajabu.

Kwa miaka kumi na sita Sigvor ndiye aliyeandika jarida la wasafiri la bonde letu, *Habari za Njia*. Daraja gani limesombwa, theluji ina kina gani, kibanda kipi kiko wazi na kipi kimefungwa. Sehemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya maneno ya wageni, aliyokuwa akiyachagua kutoka kwenye madaftari ya vibanda. Daftari la kibanda si pambo. Kila anayeingia huandika jina lake, alikotoka na anakokwenda. Ukipotea kwenye theluji, waokoaji huanza kukutafuta kwenye karatasi zile. Watoto wa hapa hufundishwa kuliandika kabla ya kufundishwa kuogelea, na mimi, niliyeolewa hapa miaka ishirini na mitatu iliyopita, sijawahi kulipita.

Kurasa za Tjønnbu zilipigwa picha na Torleiv, mtunzaji wa kibanda, akamtumia Sigvor Ijumaa ile asubuhi. Sigvor akaendelea kusoma. Wauguzi wawili wa Bergen: "Mwenyeji alikataa katakata tuoshe vyombo." Chini yao, Mdenishi mmoja: "Nilikuja kulala usiku mmoja. Leo ni siku ya nne. Uji!"

Hapo kicheko kilimwisha. Watu wanne, waliokuja siku tofauti kutoka miji tofauti, hawawezi kufanya mzaha mmoja. Kisha akaona jambo la pili. Mahali pa kuandika anakokwenda, wote wanne waliacha wazi.

Akampigia Torleiv.

"Umeona?" Torleiv akauliza kabla ya salamu.

"Nani amekaa huko juu? Umempa mtu ufunguo?"

"Sijampa mtu ufunguo. Yule Mdenishi nilimteremsha mimi Jumanne. Siku nne anakula, Sigvor, anajisifu ameshiba mpaka shingoni, na mkanda wake umefika tundu la mwisho na suruali bado inamdondoka. Nilimpa mkate, akaushika tu. Alikuwa analia kwamba anataka kurudi."

"Aliugua, basi."

"Oktoba nilikwambia nini?"

Sigvor alikumbuka. Oktoba Torleiv alimwambia kibanda kisiachwe wazi baridi nzima, na mbele ya wajumbe wote wa chama, na Sigvor akamtania kwamba amezeeka mpaka anaogopa nyumba tupu.

Tjønnbu zamani ilikuwa nyumba ya wachunga ng'ombe wa kiangazi. Baridi ikianza, watu na mifugo walishuka, na aliyekuwa wa mwisho kutoka alisimama mlangoni akasema kwa sauti: "Tumekaa, tumeondoka. Nyumba ni yenu mpaka theluji iyeyuke." Maana walikuwapo wengine waliokuwa wakisubiri zamu yao. Huku wanawaita watu wa chini. Kwetu tungesema majini, na kwa niliyoyaona sioni tofauti yoyote. Mama yake Torleiv aliyasema maneno hayo kila mwaka, na Torleiv mwenyewe akayasema miaka arobaini, hata baada ya ng'ombe kwisha na nyumba kuwa ya chama. Mwaka huu hakuyasema. Hakuruhusiwa kufunga. Sigvor alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, jina lake chini: "Habari njema! Tjønnbu sasa wazi mwaka mzima. Karibuni nyote."

"Torleiv," Sigvor akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Åsne yuko huko."

Åsne alikuwa na miaka ishirini, mtoto wake wa pekee. Alipanda Alhamisi na skii zake na kamera, aandike habari za Tjønnbu wakati wa theluji. Mama yake ndiye aliyemtuma.

"Anarudi lini?"

"Kesho saa sita."

"Simu haishiki huko, na pikipiki yangu ya theluji imekatika mnyororo; basi tungoje hiyo kesho. Akichelewa hata saa moja, nipigie."

Saa sita ya Jumamosi ilipita, ikapita saa saba. Torleiv alitengeneza mnyororo wa pikipiki mpaka usiku, na waokoaji walijibu kwamba binti mzima aliyechelewa saa chache, kibandani, hali ya hewa nzuri, si wa kutafutwa. Jumapili saa nne asubuhi, jua likiwaka mpaka macho yanauma, mama yule akapanda nyuma ya Torleiv wakaanza kupandisha mlima.

Kilomita mbili kabla ya kufika, Sigvor alisikia harufu ya maziwa ya moto. Alijiambia ni hofu tu. Walipozima pikipiki harufu ilizidi, maziwa, siagi na mdalasini, harufu ya jikoni kwa mama yake siku za sikukuu, mahali ambapo ng'ombe hajakanyaga kwa miaka thelathini. Bomba la moshi halikutoa moshi. Kwenye theluji mbele ya mlango kulikuwa na alama za skii za mtu mmoja, zinazoingia, na hapakuwa na alama yoyote ya mtu kutoka, hata kwenda chooni.

Na kulikuwa na sauti. Kijiko cha mbao kilikuwa kinakwangua sufuria, taratibu, krr, krr, kama mtu anayetafuta ukoko wa mwisho.

"Usile kitu," Torleiv akanong'ona. "Akikwambia kaa, usikae. Jikoni usitazame."

Åsne alikuwa mezani, amekaa wima kama mgeni mwenye adabu, bakuli mbele yake. Alikuwa anatabasamu. Siku tatu tu, na mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza, na vidole vilivyoshika kijiko vilikuwa vya kikongwe.

"Mama! Umekuja! Kaa, anakuletea na wewe."

"Nani, mwanangu?"

"Mwenyeji, nani mwingine! Mama, usiongee hivyo, atasikia vibaya."

Sigvor alishika jiko la sebuleni likamchoma kwa baridi, kwa maana lilikuwa limeganda barafu kutoka juu mpaka chini, na barafu ilikuwa imepanda ukutani mpaka kwenye dirisha, lakini bakuli la mwanawe lilikuwa linafuka mvuke, na alipoinama kulitazama aliona kwamba ndani yake hamna kitu, ni bakuli kavu, jeupe, lililolambwa, ambalo Åsne alikuwa akichota na kupeleka mdomoni na kumeza na kufumba macho kwa utamu. Na kwa kuwa ni mama, na mama hawezi kuambiwa asitazame anayemlisha mwanawe, alitazama jikoni, akaona mwanamke amewapa kisogo, kitambaa safi kichwani, mikono ya mviringo, aproni iliyofungwa fundo zuri nyuma, na katikati ya mgongo, pale fundo lilipokuwa, hapakuwa na mgongo, palikuwa na uwazi mweusi kama wa gogo lililooza ndani, na kijiko hakikuacha kukwangua.

Torleiv alimvuta nje.

"Nisikilize vizuri," akanong'ona. "Natupa kisu juu ya paa. Chuma kikivuka nyumba, atamwachia kidogo. Mbebe mtoto utoke. Ukifika kizingitini geuka useme maneno, yale yale, usipunguze, usiongeze. Wewe ndiye uliyekaribisha watu, wewe ndiye wa kufunga."

Kisu kiling'aa juani kikaangukia upande wa pili. Kijiko kikanyamaza. Ndani, Åsne alipiga kelele kama mtu aliyeamshwa kwa maji, akaanguka kutoka kwenye kiti, na Sigvor akamnyanyua.

Alikuwa mwepesi. Sigvor alikuwa amejiandaa kubeba msichana mrefu, mwenye mapaja ya kuteleza mlimani, akajikuta amebeba kitu cha mtoto wa miaka tisa. Alisimama kizingitini na mzigo ule, akageuka, akafungua kinywa aseme nyumba ni yenu. Hasira ikampanda mpaka machozi yakamtoka.

"Nyumba yenu?" akafoka. "Nyumba yenu kitu gani? Toka! Toka humu, shetani mkubwa, usionekane tena Tjønnbu, wala majira ya baridi wala ya jua!"

Mlango, uliokuwa umefunguka nusu, ukasukumwa kutoka ndani ukafunguka wote, polepole, kiasi cha mtu kupita. Ubaridi wenye harufu ya mdalasini ukapita ubavuni mwa Sigvor. Harufu ikaisha. Nyumba ikawa nyumba tu.

"Ameondoka!" Sigvor akasema. "Umeona? Ameondoka!"

Torleiv alikuwa amevua kofia, hakuwa na furaha hata chembe. "Umesema nini, Sigvor?"

"Nimemfukuza."

"Nani alikutuma umfukuze? Tumekuja kumrudishia nyumba yake. Sasa katikati ya baridi hii, yule atakwenda kukaa wapi?"

"Akakae kuzimu. Washa hiyo pikipiki."

Åsne alilazwa hospitali siku tatu, akatiwa maji, akaanza kula supu. Sikumlaumu Sigvor wiki ile, na simlaumu leo. Ningekuwa mimi ningesema mabaya zaidi. Jumatano akamrudisha nyumbani, Ijumaa akatoa jarida: "Tjønnbu imefungwa hadi Juni. Wasafiri watumie njia ya chini." Nilimkuta mimi dukani Jumamosi mchana, anachagua mayai, uso umemrudia rangi, akaniambia binti anaongea vizuri, usiku analala.

Simu yake ikalia mkononi. Ilikuwa picha kutoka kwa Torleiv, aliyekwenda kutia kufuli. Nilikuwa karibu, nami nikaisoma.

Ulikuwa ukurasa wa mwisho wa daftari. Mstari wa Åsne ulikuwa pale, mwandiko wa haraka wa mtu aliyeingia sasa hivi na bado ana theluji kwenye nyusi. Jina: Åsne Haugli. Kutoka: kituo cha basi. Kwenda: nyumbani, Haugli, mlango wa kijani, kona ya kanisa. Kati ya wageni wote wa baridi ile, yeye peke yake ndiye aliyejaza pote, kwa sababu mama yake alimlea vizuri.

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, wino wa kahawia, herufi za kizamani zilizolala. Jina: hakuna. Kutoka: Tjønnbu. Kwenda: nyumbani, Haugli, mlango wa kijani, kona ya kanisa.

Torleiv alikuwa ameongeza maneno machache. "Mstari wa chini haukuwapo Jumapili."

Mayai yalibaki sakafuni. Nilimfuata mbio, na kabla hatujafika kanisani nilisikia harufu, na sitaki kuieleza, maana mpaka leo mate hunijaa nikiikumbuka. Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Åsne alikuwa mezani, amekaa wima, bakuli mbele yake. Mabakuli mengine mawili yalikuwa yamewekwa tayari.

"Mama, umechelewa," akasema kwa upole. "Tumeshaanza."

Sigvor alimshika mkono akamvuta mpaka kizingitini mwa nyumba yake mwenyewe, nyumba aliyozaliwa, na safari hii aliyasema maneno, yote, neno kwa neno, akilia. "Tumekaa, tumeondoka. Nyumba ni yenu mpaka theluji iyeyuke." Jikoni kijiko kikasimama, kama mtu anayesikiliza. Nikadhani wameachiwa. Lakini msichana hakuvuka kizingiti. Alimtazama mama yake kwa mshangao, kama anayemwonea huruma.

"Tuondoke twende wapi, mama? Mimi nimeshafika."

Akajitoa mkononi, akarudi kukaa. Kijiko kikaanza tena. Sigvor alinitazama, akamtazama mwanawe, na nilijua kabla hajageuka kwamba hatamwacha peke yake na yule. Aliingia, akafunga mlango kwa ndani. Nilisikia kiti kinavutwa.

Daktari wa wilaya amewatoa mara mbili, na mara zote mbili wametoroka wakarudi kwa miguu. Theluji imeyeyuka, Torleiv amebisha hodi mara tatu kuidai nyumba, kama wachunga ng'ombe walivyofanya kila walipopanda tena kiangazi, na hakuna aliyempisha. Chakula tunachoweka mlangoni tunakikuta vilevile.

*Habari za Njia* sasa naandika mimi. Taarifa za mwezi huu ni hizi. Daraja la juu limerudishwa. Njia ya mtoni ina matope, vaeni viatu virefu. Mkipita kona ya kanisa msisimame kwenye nyumba ya mlango wa kijani, hata mkisikia harufu, hata mkikaribishwa kwa jina. Na kwenye daftari andikeni kibanda kinachofuata. Kwenu msiandike.