Chumvi Chini ya Kitanda

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne, daraja la bondeni kwenye njia ya Masasi likasombwa na maji. Habari ilifika kijijini Mnyambe asubuhi, Naima akiwa jikoni anakoroga uji wa mzazi.

Mzazi mwenyewe ni Stamili, binti yake, aliyejifungua mtoto wa kiume siku nane nyuma. Naima alikuwa ameweka akiba ya kumtunza hadi atimize arobaini: hela ya sukari na hela ya sabuni ya kufulia nepi. Juu ya uchaga alikuwa na debe moja la mbegu za karanga. Shamba lilikuwa tayari, limebaki kupandwa tu.

Basi jirani mmoja akapita, akasema chumvi inaisha dukani.

Kwa Naima neno hilo lilikuwa zito kuliko daraja. Marehemu mama yake alimsimulia mara nyingi juu ya miaka ya dhiki, walipokula kisamvu bila chumvi mpaka watoto wakakisusa. Naima hakuuliza mara mbili. Alijifunga kanga, akachukua akiba ya mzazi, akaenda dukani kwa Majaliwa. Alikuta watu wamejaa hadi barazani. Majaliwa alikuwa anapima chumvi ya mawe kwa bakuli, na kila alipoinua macho akaona foleni haijapungua, bei ilipanda. Asubuhi bakuli lilikuwa shilingi mia tano. Zamu ya Naima ilipofika, lilikuwa elfu moja na mia tano. Akanunua nusu kiroba.

Nyumba yake hula bakuli moja kwa mwezi. Lakini siku hiyo nani alikuwa anapiga hesabu? Alikificha kiroba chini ya kitanda, kwenye sakafu ya udongo, majirani wasije wakamwomba. Naima huyuhuyu, ambaye hajawahi kumnyima mtu moto wala maji.

Mvua haikukatika. Chumvi ya mawe nayo huvuta unyevu, na Naima alilijua hilo tangu utoto. Hofu tu ilimsahaulisha. Siku ya tano baada ya kuinunua aliona sakafu imelowa, akakivuta kiroba. Kilikuja chepesi. Chumvi nyingi ilikuwa imeyeyuka na kuingia ardhini, iliyobaki ni tope. Alikaa kitako, akacheka kidogo, halafu akalia.

Sabuni nayo ilikuwa imekwisha. Nepi zilisuuzwa kwa maji matupu, na mtoto akaanza kutoka vipele. Kwenye pindo la kanga Naima alikuwa amebakiwa na elfu tatu, bei ya mche mmoja wa sabuni siku zote. Sasa Majaliwa anauza elfu sita. Naima akaliteremsha debe la mbegu, akajitwika. Njia nzima aliwaza watakula nini mwakani.

Majaliwa alikuwa ameshalipokea debe alipoingia Getrude. Huyu mama, ambaye wengi humwita Mama Vitalis, ni mjumbe wa serikali ya kijiji. Zamani aliendesha duka Masasi kwa miaka tisa, na mambo ya biashara anayajua nje ndani. Majaliwa akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba taratibu. Kisha akamuuliza Naima kama karanga zile ni za chakula au za mbegu.

"Za mbegu," Naima alisema. "Lakini mjukuu wangu hana nepi safi, Mama Vitalis. Nifanyeje?"

Getrude akaitazama rafu. "Majaliwa mwanangu, sabuni hii ilishuka lini?"

Majaliwa akajibu kwamba barabara imekatika, mama mwenyewe anajua.

"Najua. Mimi nimeuliza sabuni. Ilishuka Jumamosi, nami nilikuwa hapa barazani, nikakushikia mlango. Daraja lilikuwa zima. Hukuilipia nauli mpya hata senti moja."

Majaliwa akainama. Si mtu mbaya, jamani. Kukiwa na msiba, yeye ndiye wa kwanza kuleta mchele. Akasema kinachomtisha: sasa mizigo inavushwa mtoni kwa vichwa vya watu, na nauli imepanda. Akiuza kwa bei ya zamani, mzigo ujao ataununua kwa nini?

Getrude akakubali kwamba hoja hiyo ni ya kweli. Mzigo ujao utakuwa ghali kidogo, na wanunuzi wataichangia nauli hiyo, mradi waone risiti. Lakini mali iliyofika zamani iuzwe kwa bei yake. Kupandisha bei kwa sababu watu wameogopa ni kuwakamua, na kijiji kina haki ya kumpeleka kwa mtendaji, hata kwa afisa biashara wilayani. Kisha akamgeukia Naima, wala hakumwonea haya.

"Bei alipandisha Majaliwa, Mama Stamili. Lakini foleni ilikuwa yetu sisi. Chumvi yako iko wapi?"

Uso ulimwaka Naima. Angeweza kudanganya. Akasema kweli, kwamba imeyeyuka chini ya kitanda. Watu wa barazani wakacheka, mpaka Yunusi, fundi baiskeli, akakiri kwamba ya kwake nayo imekuwa tope. Wengine wawili wakatazama miguu yao.

Majaliwa akamrudishia Naima debe lake. Akampa mche wa sabuni kwa elfu tatu.

Jioni wanakijiji wakakutana. Kila nyumba ikataja mahitaji yake ya wiki moja tu, na Majaliwa akaagiza mzigo wa wote kwa safari moja. Sabuni ilipofika, risiti ilibandikwa mlangoni, na chini yake nauli. Mche ulikuwa elfu tatu na mia nne. Watu walisoma, wakalipa, na hakuna aliyenung'unika. Getrude alikwenda kumwona mzazi na kikombe cha sukari. Vipele vya mtoto vilipona. Alhamisi Naima akapanda karanga zake zote.

Mvua zilipokwisha, Naima na Stamili walikuwa shambani wanang'oa karanga, mtoto mgongoni kwa mama yake. Jirani yuleyule akaja mbio, akasema mafuta ya kula yanaisha dukani. Stamili akamtazama mama yake.

Naima akakung'uta udongo kwenye mizizi. "Nenda kwanza kasome karatasi ya mlangoni," akasema. "Sisi ya wiki hii tunayo."

Akang'oa shina lingine.