Mistari Chini ya Jina la Kidoti

Kila siku baada ya shule, Cheche alipitia kliniki ya wanyama ya shangazi yake kumsaidia kazi za kompyuta. Aliitwa Cheche kwa sababu hakujua kutulia. Hata akiketi, miguu yake ilikuwa safarini.

Siku hiyo aliiuliza kompyuta ni wanyama gani wa kuchanjwa, nayo ikamtolea majina. Chini ya kila jina kulikuwa na mistari midogo: dawa alizowahi kupewa mnyama huyo, na kama zilimkubali au zilimkataa. Lo, mistari haikuwa na mwisho! Na huko nje wenzake walishaanza kuruka kamba. Cheche akaikunja yote, kikabaki kialama cha kujumlisha kando ya kila jina. Kioo kikawa safi.

"Mbwa wa mama fundi ana dawa inayomdhuru?" shangazi aliuliza kutoka chumba cha pili, alikokuwa na mama fundi na mbwa huyo.

"Hana, shangazi! Nimeangalia!"

Mama fundi alikuwa mshonaji wa mtaani pale, na huyo mbwa, Kidoti, ndiye pekee aliyebaki naye nyumbani.

Cheche akafika mlangoni, akarudi. Akatoka, akarudi tena. Ameangalia nini, jina tu? Akabonyeza kile kialama kando ya jina la Kidoti, mistari ikafunguka. Chanjo ileile, mwaka jana, ilimvimbisha uso akashindwa kupumua.

"Shangazi, usimchome!" alipiga kelele akikimbilia chumba cha pili.

Sindano ilikuwa imeshagusa manyoya. Shangazi aliirudisha polepole.

"Ulisema umeangalia."

"Nilidanganya. Nilitaka kwenda kucheza." Machozi yakamtoka.

"Maskini Kidoti wangu!" mama fundi alimkumbatia mbwa wake. "Mwaka jana aliletwa na mwanangu kabla hajahama, wala hakuniambia neno."

"Tutamtafutia chanjo nyingine," shangazi alimtuliza, kisha akamgeukia Cheche. "Kompyuta haikukuficha kitu. Ilikuwekea alama, ukaona uvivu kuibonyeza. Haraka haraka haina baraka, hiyo unaijua tangu chekechea. Leo beba na hii: kama hujaangalia, sema hujaangalia. Ningekusubiri, mwanangu. Sindano ikishaingia, Kidoti asingeweza kusubiri."

Cheche akarudi kwenye kiti, akafungua jina moja baada ya jingine. Miguu ilicheza chini ya meza, lakini alisoma kila mstari.