Maji Nyuma ya Ngoma ya Sikio

Msusi alikuwa akimsuka mteja barazani. Binti yake wa miaka minne alicheza hatua chache mbele, amewapa mgongo.

"Mwanangu, niletee kitana."

Kimya. Akaita tena. Kimya.

"Bibi Kiburi huyo!" mteja akacheka. Ndilo jina alilopewa mtoto mtaani, kwa kuwa haitikii.

Msusi hakucheka. Shule ya chekechea ilikuwa imemrudisha mtoto nyumbani, eti hasikii la mtu. Maneno yake yalikuwa machache, tena nusunusu. Mumewe alisema mara moja tu, "Ukoo wetu hauna kiziwi," kisha akanyamaza. Ukimya ule ulimchoma mkewe kuliko matusi.

Mteja alipoondoka, msusi alipasha mafuta moto kidogo, akamlaza mtoto mapajani amtie sikioni. Jirani yake, muuguzi wa hospitali, akaingia.

"Dada, weka chini hayo mafuta!"

"Sasa nifanye nini? Nimeshamchokonoa hata kwa pini, hapatoki kitu."

"Ungeweza kumtoboa. Sikio halichokonolewi, wala halitiwi kitu bila daktari kusema. Hebu niambie, mafua humpata mara nyingi?"

"Mafua na yeye ni pete na kidole."

"Basi huenda maji mazito yametuama nyuma ya ngoma ya sikio, ule utando wa ndani. Mtoto husikia kama mtu aliyezama majini. Si kiburi huyu. Mpeleke akapimwe."

Msusi na mumewe walimpeleka. Daktari wa masikio alimpima, akayaona maji. Walisubiri miezi kadhaa, maana mara nyingi hukauka yenyewe. Hayakukauka.

"Tutamfanyia upasuaji mdogo," daktari alisema. "Tunatoboa kitundu kwenye ngoma, tunatoa maji, tunaweka kijibomba kidogo kuliko punje ya mchele. Hewa itapita. Kitatoka chenyewe baadaye."

Msusi alisikia neno moja tu: upasuaji. Aliona mwanawe akilazwa asiamke tena.

Asubuhi ile mtoto hakula, kama walivyoagizwa, kwa ajili ya dawa ya usingizi. Alilia njaa njia nzima. Alipochukuliwa ndani, alinyoosha mikono kwa mama. Mlango ukafungwa.

"Nimemuuza mwanangu," msusi alimwambia mumewe.

Mume alisogea karibu. Akamshika mkono. Hakumwachia mpaka mlango ulipofunguliwa.

Mtoto alitoka hai, amelegea. Walirudi naye nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini kesho yake sufuria ilipoanguka, alipiga ukelele, akaziba masikio. Mlango ukigongwa, analia. Tena kwenye mto wake wa kulalia palikuwa na doa la damu. Msusi akakimbilia kwa jirani, kanga imemteleza begani.

"Wamemharibu! Bora angebaki kama alivyokuwa!"

Muuguzi alikuja, akamtazama mtoto.

"Hana homa. Damu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Ukiona usaha, harufu mbaya au homa, mrudishe hospitali upesi. Na hizo kelele, dada, ndiyo kwanza anazisikia. Utashangaaje akiogopa?"

"Na akioga?"

"Pamba yenye mafuta ya kujipaka, mlangoni mwa sikio tu, usiisukume ndani. Ukimaliza, itoe. Asipige mbizi. Na siku ya kurudi kwa daktari usiikose."

Msusi aliitikia bila imani. Alifanya yote kama alivyoambiwa, lakini hakuthubutu kutumaini. Mara ngapi alitumaini bure? Mtoto alizidi kulia kwa kelele, kisha akapunguza, kisha akaacha. Maneno hayakuja. Mume aliuliza kwa macho tu, msusi akatikisa kichwa.

Siku moja mchana alimkalisha binti yake katikati ya magoti, amsuke. Uso wa mtoto ulielekea ukutani. Mdomo wa mama asingeweza kuuona. Alipofika kisogoni, msusi alinong'ona, kwa mazoea tu, kama anavyowaambia wateja:

"Inama kidogo."

Kichwa kikainama.

Mikono ya msusi ikaganda nyweleni.

"Mama," mtoto akasema, bado ameinama, "mbona umeacha?"