Nilijua Shafti Itakatika

Nina miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa Msambweni, nasomea uhandisi wa mitambo chuo kikuu. Wasomaji wenzangu, naandika haya bado nina hasira!

Mama yangu hufua nazi za watu, kuzitoa makumbi. Kile kifuo, chuma chenye ncha anachozichomea, kimemmaliza viganja. Ndiyo maana mradi wangu ukawa mashine ya kufua nazi. Hesabu za shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka, peke yake zilinikondesha...

Kelvin, mchumba wangu, tulikuwa darasa moja. Nikampa michoro anisaidie kuichapisha. Kumbe nampa mwizi! Mama akaugua, nikaenda kumuuguza. Kurudi, nakuta mashine yangu inaundwa karakana, jina ni lake! Nikamuuliza. Akacheka mbele ya wenzake: "We msichana wa nazi, shafti unaijulia wapi?"

Nililia. Halafu nikaacha. Mchoro alioiba ulikuwa wa kwanza. Pale shafti inapopungua unene niliacha kona kali, na nguvu zote hukusanyika hapo mpaka chuma kipasuke. Mchoro mpya, wenye kona ya duara, nilikuwa nao mwenyewe. Ningemwambia? Thubutu! Nilitaka aaibike mbele ya wahadhiri wote.

Siku ya maonyesho ya miradi yetu, Kwale, nilikaa mbele kabisa nikisubiri. Kelvin akashika maikrofoni. "Mama mkwe, shikamoo! Njoo ututilie nazi ya kwanza!"

Mama yangu! Kumbe alimwalika. Nami sikuwa nimemwambia mama kitu, niliona haya. Akainuka na leso yake mpya, anatabasamu...

Niliruka nikachomoa plagi, nikamvuta mama nyuma. "Wivu huo, jamani!" Kelvin akasema. Akaichomeka, akatia nazi mwenyewe. Paa! Shafti ikakatika, kipande kikapita pale pale alipokuwa amesimama mama.

"Imekatika kwa nini?" mhadhiri akamuuliza. Kelvin akaanza kupekua michoro. Nikaeleza mimi, mpaka kona yenyewe. Kila mtu akajua mwizi ni nani. Raha niliyoisikia!

Mhadhiri akanigeukia. "Kwa hivyo ulijua, ukanyamaza?"

Miradi yote miwili, wake wa wizi na wangu wa mchoro mpya, ikafutwa. Sote tunarudia mwaka.

Mama hakunigombeza. Njia nzima alikuwa akiutazama tu mkono wake, ule ambao ungetia ile nazi...

Dada zangu, msimpe mpenzi kazi yenu kabla mwalimu hajaiona ina jina lenu. Na ukiibiwa, piga kelele siku hiyo hiyo, usikae na sumu moyoni. Kelvin simsamehe, ng'o! Lakini mwakani mashine naiunda mimi, na nazi ya kwanza atatia mama.