Salamu Aliyonyimwa Mama Pindo

Ulimwona. Usigeuze uso sasa, ulimwona. Ulikwenda kuchota maji kwenye bomba lililo mbele ya mlango wake, ukajaza ndoo, ukaondoka kimya kama mwizi. Yeye alikuwa ameketi dirishani, anakutazama. Ukasema moyoni, "Mbona hanisalimii? Ana nini cha kujivunia?" Hilo halijasahaulika.

Mwanamke huyo alikuwa mshonaji. Kwenye karakana ya sare za shule walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo lake halikuwahi kufumuka. Alikuwa mjane, anaishi chumba kimoja: kitanda, meza, na cherehani chini ya dirisha. Lakini hakuwa mpweke. Kila alipokuwa nyumbani, mlango wake ulikuwa wazi. Majirani waliingia kuazima sindano, wakatoka na umbea wa wiki nzima.

Asubuhi moja kichwa kilimgonga kama nyundo, akaanguka kando ya cherehani. Majirani walimkimbiza hospitali. Kumbe ni kiharusi: damu ilikuwa imezuiwa kufika sehemu fulani ya ubongo. Alitibiwa, akapata nafuu. Miguu ilitembea, ulimi ulisema. Ila alilalamika, "Naona, lakini sielewi ninachoona."

Madaktari wakampima macho.

"Macho yako mazima, mama," wakamwambia.

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza.

Alikuwa na binti wa mwisho, aliyeolewa mtaa wa pili. Siku moja binti alimkuta mama yake njiani. Binti alikuwa na mtoto wake mchanga kifuani. Akasimama mbele yake, akatabasamu, akanyamaza. Alitaka mama aanze yeye kushangilia. Mama Pindo alimtazama usoni. Kisha akampisha, akaenda zake.

Binti alilia mpaka kwa shangazi yake, mpiga pasi wa ile karakana. Huyo alikuwa wifi yake Mama Pindo, na chumba chake kilikuwa cha pili tu.

"Shangazi, mama amenipita kama nguzo ya umeme!"

"Ngoja nimjaribu."

Shangazi akaingia kwa wifi yake bila hodi. Akaweka kikombe cha chai mezani, akakaa kimya. Mama Pindo akanyoosha mkono. Vidole vilifunguka sawasawa na upana wa kikombe. Akakishika, akanywa. Hata tone halikumwagika.

Shangazi akatoka nje akipiga makofi ya mshangao. "Kikombe anakiona, sisi anatupita! Asitufanye watoto. Hicho ni kiburi tu. Basi tumnyamazie, mpaka atusalimie yeye."

Nanyi majirani mkakubali. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali.

Mama Pindo alisikia kandambili zikija bombani, ndoo ikijaa, kandambili zikiondoka. Aliona jicho, aliona pua, aliona mstari wa mdomo. Lakini vipande havikuungana vikawa mtu. Sauti ingemsaidia, na sauti haikuwepo. Akaanza kuzungumza na cherehani.

"Shikamoo, cherehani."

Akajijibu mwenyewe, "Marahaba, mwanangu. Watu wamekwenda wapi?"

Mlango ulikuwa wazi kama zamani. Haukuingiza mtu. Chai ilipoa mezani, akaimwaga, akapika nyingine. Binti hakuja. Na mama hakujua amekosa nini.

Kisha akaja mhudumu wa afya anayewatembelea majumbani watu waliopata kiharusi. Alipaza sauti angali nje.

"Hodi humu! Ni mimi, mama wa mazoezi!"

"Karibu! Karibu, mwanangu! Karibu sana, karibu!"

"Mbona unanikaribisha kama uliyetoka jangwani?"

"Jangwani kuna upepo, mwanangu. Humu hata upepo hausemi."

Wifi yule alikuwa bombani. Akanyoosha shingo kuchungulia. Mhudumu alimwona, akamwita ndani kwa ishara ya mkono. Kisha akainua kitu mbele ya Mama Pindo.

"Nini hiki?"

"Kinang'aa. Kina matundu mawili. Ni miwani?"

Wifi akacheka. "Fundi mzima hujui mkasi!"

Mama Pindo akageuka haraka. "Wifi! Ni wewe? Uko humu?"

Kicheko kikakatika. Mhudumu akaweka mkasi mkononi mwa Mama Pindo. Vidole vikaupapasa.

"Mkasi! Tena ni wangu, huu hapa ufa kwenye mpini."

"Uchawi huu," wifi akanong'ona.

"Si uchawi," mhudumu akasema. "Hebu niambie, shati linashonwaje pale karakanani?"

"Mmoja anakata. Wa pili anaunga. Wa tatu anatia kola na vifungo. Halafu mimi napiga pasi."

"Ubongo nao una meza zake. Jicho hupokea mwanga, likapeleka habari nyuma ya ubongo, huku kisogoni. Meza ya kwanza inapokea mistari, mwanga na giza. Meza zinazofuata zinaunga mistari iwe umbo, zinatambua rangi. Za mbele zaidi zinasema: huu ni mkasi, huyu ni wifi yangu. Kiharusi kimeharibu meza hizo za mbele. Vitambaa vinafika, shati halipatikani."

"Na kikombe je? Alikishika bila kupapasa!"

"Umeuliza vizuri. Habari za jicho zina njia mbili. Moja inakwenda kujua kitu ni nini. Nyingine inaongoza mkono: kitu kiko wapi, kina upana gani. Huko nako kuna meza ya kupanga mwendo na meza ya kutoa amri. Amri inashuka uti wa mgongo mpaka kwenye misuli ya mkono. Njia hiyo ni nzima. Iliyoharibika ni ile nyingine."

"Na sauti?"

"Sauti ina mlango wake, na kugusa kuna mlango wake. Kwake iko wazi yote. Ninyi mmeifunga kwa kimya chenu."

Wifi akavua khanga kichwani, akajifuta uso. Akatoka mbio, ndoo akaiacha bombani.

Akarudi na binti. Binti alisimama mlangoni na mtoto wake, machozi yanamtoka kimyakimya.

"Nani huyo?" Mama Pindo akauliza.

Neno hilo lilimchoma binti. Akageuka aondoke. Shangazi akamshika mkono.

"Sema, mtoto wewe! Hakujui mpaka useme!"

"Mama. Shikamoo. Ni mimi, kitindamimba wako."

"Marahaba! Siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Mbele yako, mama. Nilinyamaza."

Mama Pindo akampokea mtoto. Akampapasa masikio. "Haya ni ya babu yake," akasema. Hakukosea.

Leo amerudi karakanani. Nguo anaijua kwa kugusa, pindo linanyooka kama zamani. Kila anayepita mezani pake hutaja jina. Lakini nyuso hazijarudi, na huenda zisirudi. Jioni bado anakaa dirishani. Bado wapo wanaochota maji wakaondoka kimya. Anawatazama, anangoja.

Wewe ni mmoja wao. Na hata kama bomba lako ni jingine, mtaani kwenu yupo aliyerudi kutoka hospitali akiwa amebadilika, nanyi mkamwita mwenye kiburi. Weka kitabu hiki chini. Nenda mlangoni kwake, piga hodi, taja jina lako. Usingoje akuanze yeye. Nenda sasa hivi.