Hodi ya Mumiani

Saumu alipovaa ngozi-pili, moyo wake ulisimama. Haukusimama kweli, la sivyo hadithi ingeishia hapa. Ulipiga kama kawaida, ila yeye hakuusikia tena. Vidole vilipoa. Meno mawili ya juu yakarefuka hadi akayagusa kwa ulimi. Ukumbi mtupu katikati ya mji wa Lushoto ukageuka ngome ya mawe meusi, ukungu umejaa kwenye korido, majeneza matano yamepangwa ukutani. Humo wakainuka mumiani watano wa Ukoo wa Giza, Saumu akiwa mmoja wao, kila mmoja akijinyoosha kama mtu aliyelala mchana wa Ramadhani.

Nyuma ya kioo alisimama Mhandisi Mwajabu Shekiondo, dada yake Saumu, akitabasamu. Mtambo ule wa mchezo aliubuni yeye. Wengine walikuwa wametengeneza miwani ya kuonyesha ndoto. Yeye alitengeneza ngozi-pili, vazi jembamba kama utando wa yai, lenye nyuzi zinazozungumza moja kwa moja na mishipa ya fahamu. Mchezaji haambiwi kwamba jua linaunguza, anaungua. Bibi zetu walitutisha kwa mumiani ili tulale mapema. Mwajabu aliwafanya watu wazima wapange foleni ili wawe mumiani wenyewe.

Kanuni moja aliipenda kuliko zote. Katika hadithi za ng'ambo, mnyonya damu haingii nyumba ya mtu asipoalikwa. Mwajabu aliivika kanuni hiyo kanzu ya nyumbani: mumiani abishe hodi kwanza, na mpaka sauti ya aliye ndani iitikie karibu, asivuke kizingiti. Akijaribu kuvuka, ngozi-pili ilimkaza misuli papo hapo, mchezo baada ya mchezo.

"Umetuweza, Mhandisi," Kupaza alimwambia walipomaliza, akijifuta jasho. Kupaza alikuwa fundi wa droni na mkuu wa Ukoo wa Giza. Mwembamba, mcheshi, mwenye pumu tangu utotoni. "Nikifika mlangoni pa mtu, mguu unakataa kabisa."

"Ndiyo kazi yake, kukataa."

"Hata nikiwa sijavaa. Juzi nimesimama nje kwa mama mpaka aliponiita."

"Basi umepata adabu."

Wakacheka wote, na Mwajabu akacheka kuliko wao.

Kosa lilikuwa hapo, na lilijificha vizuri kwa sababu lilifanana na malezi mema. Kwingineko mtu akiganda mlangoni pa watu angekimbizwa hospitali. Hapa kwetu, nani amshangae anayebisha hodi na kungoja? Akina mama waliisifu ngozi-pili kwamba imewarudishia vijana heshima. Mwajabu mwenyewe, aliyeijaribu kabla ya mtu yeyote, hakuona tofauti. Mama yake alikuwa mwepesi wa kuitikia hata kabla hodi haijaisha.

Jumamosi moja Kupaza hakufika mchezoni, na simu yake iliita bila kupokelewa. Wenzake wanne wakaenda kumwangalia. Haikupita muda Saumu akampigia dada yake. "Dada, njoo kwa Kupaza," alisema. "Njoo sasa hivi."

Mwajabu aliwakuta watatu barazani, jua la saa sita utosini, wamesimama kama watu wanaopigwa picha. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, Kupaza, aliyeishi peke yake, alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mabega yakipanda na kushuka, kifua kikipiga mluzi. Pampu yake ya pumu ilikuwa mezani, hatua chache tu kutoka mlangoni.

"Mnangoja nini?" Mwajabu aliuliza kwa hasira, akawapita.

Mguu wake ulifika kizingitini ukasimama. Akausukuma. Mikono yake, bila yeye kuituma, ilishika fremu ya mlango pande zote mbili na kumrudisha nyuma. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Mishipa ya fahamu haijui mchezo. Hushika inachofundishwa, na yake aliifundisha mwenyewe.

"Tumesukumana, tumejaribu na dirishani," Saumu alisema akilia. "Mikono inashika yenyewe. Ambulensi ya angani tumeiita, bado haijafika. Mwenzetu amekimbia kutafuta jirani asiyecheza."

Mwajabu alipiga magoti barazani. "Kupaza, ndugu yangu, tukaribishe. Sema tu."

Kupaza aliwatazama. Alikuwa mkuu wa ukoo, kanuni aliijua. Akafungua mdomo, ukatoka mluzi mtupu.

"Hodi," Saumu alisema.

"Hodi," wakarudia wenzake, taratibu, kwa sauti zilezile za ngomeni. "Hodi. Hodi." Hakuna aliyetaka kuisikia sauti yake mwenyewe ikisema vile, na hakuna aliyethubutu kunyamaza.

Kupaza akafumba macho. Akakikusanya kilichobaki kifuani kama mtu anayekwangua chungu.

"Karibuni," alisema.

Miguu ikafunguka. Wakaingia wakikanyagana, Saumu akaidaka pampu, Mwajabu akamshika kichwa, dawa ikapulizwa kinywani. Kinywa hakikuvuta. Pumzi ya kuivuta dawa alikuwa ameitumia kuwakaribisha.

Mwajabu alizima mitambo yote siku ileile. Kesho yake alikwenda msibani na wale wanne, akiwa ameapa kumwambia mama wa marehemu ukweli wote, hata kama atafukuzwa mbele za watu. Alitamani kufukuzwa. Lakini msibani watu hawangoji kukaribishwa. Huingia, huketi, hulia. Waombolezaji waliwapita wakiingia, nao watano wakabaki wamesimama nje ya mlango, macho chini.

Mama yake Kupaza aliwaona, akainuka jamvini akawafuata.

"Nyinyi ndio wenziwe wa mchezo?"

"Ndiyo, mama," Mwajabu alisema. "Shikamoo. Nimekuja kukwambia jambo."

"Marahaba. Utaniambia ukishakaa. Mbona mnasimama juani kama wageni? Mwanangu kila siku alikuwa akiwataja. Karibuni ndani, wanangu."

Mwajabu aliuomba mguu wake ukatae. Haukukataa. Ulivuka kizingiti kabla hajasema neno, mwepesi kuliko siku zote.